Zizi la Saruji Kando ya Barabara

Majengo, Gisenyi,
Rubavu.
9 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Hamdani,

Dada yako anakusalimu. Mgongo wako vipi? Na ile sukari, umeacha kujidanganya kwamba uji hauna madhara? Wifi yangu Mwamini hajambo? Kadiri ameshaota ndevu au bado anajipaka mafuta akizisubiri? Sisi huku tu wazima, kwa kiasi ambacho watu wanaweza kuwa wazima baada ya kuchekwa na Kanama yote, kuanzia mlimani mpaka kituo cha mabasi. Goti langu linaniuma kukiwa na baridi. Mengine namshukuru Mungu.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Ni kwa sababu kila nikikupigia na kutaja kilima cha Kanama, mtandao wa Tabora unaharibika papo hapo. Nikitaja harusi ya mwanao unatengemaa. Basi nimeona niandike, maana karatasi haina mahali pa kukatia. Nimempa dereva wa lori anayekuja huko, na nimemwambia akae mbele yako mpaka ufike mwisho. Mpe chai.

Nianze na habari njema, usije ukasema dada yako ana roho mbaya. Mwanao Shema ni mzima, anasali, hanywi, na mikono yake imekuwa migumu kama ya baba yetu. Habari njema zimeishia hapo.

Gaju hayupo tena. Ndiyo, yule yule mwekundu, wa ukoo wa ng'ombe aliotuachia baba. Mwezi wa saba kilima kilikuwa kimekauka hata mbuzi wa jirani walikipita bila kugeuza shingo. Kulikuwa na kifungu kimoja cha nyasi mbichi kwenye ukingo wa korongo, lile korongo ambalo zamani lilikuwa mfereji tu tuliouruka tukicheza. Gaju alinyoosha shingo, akasogeza mguu, ukingo ukamomonyoka. Shema alimkuta chini, mguu wa mbele umevunjika, bado ana zile nyasi mdomoni.

Tukamwita Hakimu, yule mchinjaji wa hapa Majengo, aje amuwahi. Alimaliza kazi yake, akageuza geuza vipande, kisha akaniuliza mbele za watu, kama mdogo anavyomwita dada yake: "Yaya, hii iko ngozi na mifupa tu. Nyama mulikula lini?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ningefanya nini? Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hukusikia wewe, Hamdani, guu likavunjika la ng'ombe.

Nikukumbushe la mkuu lilikuwa lipi, kwa kuwa umekaa ugenini mpaka kilima umekigeuza picha ya ukutani. Baba alikuwa akihamisha zizi. Kila mvua zilipoisha aling'oa miti yote akalisogeza zizi kando kidogo kwenye mteremko, ng'ombe wakalale mahali pengine. Tulikuwa tukinung'unika, kwa sababu waliobeba miti ni sisi. Wewe ulikuwa hodari wa kuumwa tumbo siku hiyo. Naye alitujibu neno lile lile kila mwaka: ng'ombe anakula kilima mchana, basi usiku naye akilishe kilima. Alipolala ng'ombe msimu mmoja, msimu uliofuata nyasi zilifika magotini. Akizunguka hivyo mwaka baada ya mwaka, hapakuwa na kipande cha kilima kilichosahauliwa.

Baba akafa. Ulikuja mazishini na viatu vyeupe, ukatembea hapa na pale mikono nyuma, ukasema hayo ni mambo ya kizamani. Ukajenga zizi la saruji. Ungelijenga juu, walau. Ulilijenga chini kabisa, kando ya barabara, ili gari la wakulima wa viazi lirudi kinyumenyume mpaka mlangoni lipakie samadi bila kupanda mlima. Nakumbuka ulivyojisifu. Ulipiga picha umesimama mlangoni kama mtu aliyejenga msikiti.

Tangu siku hiyo ng'ombe wakawa wanapanda asubuhi kukila kilima, na jioni wanashuka nacho tumboni, wanakimwaga juu ya saruji, gari linakibeba. Viazi vya watu vikanenepa. Tunavinunua sokoni, Hamdani. Naviponda, nawala watoto wa kilima changu mwenyewe.

Kilima hakikufa siku moja. Nyasi laini zilianza kutoweka pale juu, penye upepo. Ikaja ishinge, ule unyasi mgumu kama uzi wa gunia, ambao ukiuona mahali ujue udongo umechoka. Kisha yakaja magugu yasiyolika. Kisha katikati ya magugu pakaonekana udongo mtupu, na mvua ikauchukua. Kwato zikachimba vijia kukizunguka kilima kizima, na kila kijia kikawa mfereji. Nilikwambia samadi irudi mlimani. Nilikwambia ng'ombe wapunguzwe, sehemu moja ipumzike, tutafute chokaa, maana udongo umekuwa mchachu. Ulichofanya ni kumtuma Shema aongeze ng'ombe wengine, kwa sababu kwenye picha walionekana wachache.

Sasa nije kwenye harusi, ambayo najua ndiyo unayotafuta kwa macho tangu ufungue bahasha.

Umutoni, mchumba wa Shema, ni msichana mwenye kichwa. Kila asubuhi anavuka mpaka kwenda Goma na karoti na vitunguu, jioni anarudi na beseni tupu na habari zote za mjini. Babu yake ndiye aliyemlea, Mzee Mbarushimana wa Busasamana, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Niliogopa watatusumbua kwa dini, sisi Waislamu. Nilijiandaa siku nyingi, nikapanga maneno. Hawakuuliza dini hata kidogo. Waliuliza nyasi.

Labda desturi umeisahau. Mahari yetu ni ng'ombe, hilo unalijua, maana ndilo unalojivunia. Lakini na upande wa msichana nao hutoa mtamba awe wa maharusi, aje kuishi kwao. Ndiyo indongoranyo. Mzee Mbarushimana alikuwa naye tayari, mtamba mweusi mwenye doa jeupe usoni, aliyemkuza kwa ajili ya mjukuu wake. Kwa hiyo hakuja Kanama kukagua ng'ombe wa mahari kama wakwe wengine wanavyofanya. Alikuja kuona mtamba wake atakula nini.

Sisi hatukujua. Sisi tulidhani anakuja kuona ng'ombe. Nawe ukapiga simu, na safari hiyo mtandao ulikuwa safi kabisa, ukatoa amri: hao waliokonda wafichwe kwa jirani, atafutwe ng'ombe mnene, awekwe katikati ya kilima mzee amwone. Shema akasema, "Baba amesema." Huyo mwanao, ungemwambia anywe maji ya korongo angekunywa. Akaenda Bugeshi kwa Xavérine, yule mjane anayeuza maziwa, akamwazima Bihogo. Ng'ombe kama huyo sijawahi kuona. Mgongo ungeweza kuandaliwa chai juu yake. Ule ni udongo wa volkano, mweusi, nyasi za huko zinaota kwa fujo.

Mzee akaja na wanawe wawili. Amevaa sweta, koti na kofia, ameshika fimbo ndefu ya mchungaji. Akanywa maziwa, akasifu nyumba, akauliza hali yako. Kisha akapanda kilima, na kwa umri wake alitupita sote. Nilimwonyesha Bihogo kwa mkono kama mtu anayeuza gari. Hakumtazama. Aliinama akashika kifungu cha ishinge akakivuta, kikatoka na mizizi yake yote, na vumbi kiasi cha kijiko. Akakitia mfukoni mwa koti.

Akaendelea kutembea mpaka kwenye kile kipande cha kijani. Unakikumbuka? Ni pale lilipokuwa zizi la mwisho la baba, mwaka aliofariki. Miaka yote hii nimepazungushia miiba ng'ombe wetu wasipaguse, na nyasi za pale zimebaki nene, duara zima, kama mkeka uliotandikwa jangwani. Mzee akasogeza miiba, akasimama katikati, akavua kofia. "Hapa kulikuwa nini?" Nikamwambia, zizi la baba yetu, Bizumuremyi. Akasema: "Kumbe hii mulima ilikuwa na mwanaume." Alisema *ilikuwa*, Hamdani. Mwanao amesimama hapo hapo.

Bihogo naye si mjinga. Aliposikia harufu ya nyasi alikuja pale kwa haraka, akainamisha kichwa, na hakukiinua mpaka alipolimaliza lile duara lote. Nyasi za baba, zilizobaki kama alama ya mkono wake, zililiwa mbele ya macho yangu na ng'ombe wa kuazima, kwa ajili ya uongo wako. Nilitamani kumpiga mawe. Sikuweza, wageni walikuwa wanatazama.

Alipomaliza akanusa ishinge, akapiga chafya, akasimama. Nikamwambia mzee twende nyumbani, chakula kiko tayari. Akasema: "Muniletee kiti. Mi sina mbio. Niko nangoja ngombe ikule." Tukamletea kiti. Akaketi, mikono juu ya fimbo. Jua likapanda. Wali ukapoa. Ng'ombe anamtazama mzee, mzee anamtazama ng'ombe, na mimi namtazama Shema, jasho linamtiririka kwenye lile koti la suti ulilomtumia.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ya mteremko. Bihogo alilia mara moja kwa sauti kubwa, akageuka, akapita kwenye uzio kama vile haupo, akashuka kwenda zake Bugeshi. Ng'ombe anajua kwao. Shema mbio nyuma yake, wana wa mzee mbio nyuma ya Shema, na mimi na goti langu nyuma ya wote. Akafika barabara kuu. Mabasi yakasimama, watu wakachungulia madirishani, kondakta mmoja akapaza sauti: "Yaya, ngombe yenu inakimbia njaa!" Kanama yote ikacheka. Mpaka leo nikienda sokoni wananiuliza kama Bihogo alifika salama.

Tulimkamata karibu na daraja. Tuliporudi, mzee alikuwa ameshashuka peke yake, amesimama mbele ya zizi lako la saruji, anagonga sakafu kwa fimbo. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alizungumza taratibu, kama mtu anayepanga safari: "Binti tutawapatia, watoto wanapendana. Njaa ikimushika, yeye iko na mudomo, atasema, atarudi na miguu yake. Ngombe haina mudomo. Ile yangu haikuji hapa." Akapanda gari wakaenda. Wali tuliwapa mbwa.

Nimewahi kutukanwa maishani mwangu, na wewe unajua kwamba najibu. Siku ile, na ulimi huu ambao Majengo yote inauogopa, nilichukua ufagio nikafagia sakafu ya zizi lako pale alipogonga.

Unaweza kusema, basi, binti si wametoa? Mtamba wa nini? Hata mimi nilijipa moyo hivyo. Wiki iliyofuata Umutoni alipita kwangu akitoka mpakani, beseni kichwani. Babu yake alikuwa ameiweka ile ishinge juu ya meza mbele yake, mizizi na vumbi lake. Nikamwandalia chai. Hakuigusa. Akaniambia, mimi shangazi yake mtarajiwa: "Tantine, mi napenda Shema. Lakini kama ngombe ya babu haiwezi kukaa pale, mi nitakaa namna gani?"

Nikamsaidia kujitwika beseni, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Shema alipoambiwa hakulia. Alikwenda kuazima nyundo kubwa, akalivunja zizi lako. Lote. Ule mlango uliopigia picha aliuanza kwanza. Gari la viazi lilipokuja halikukuta mahali pa kurudi kinyumenyume. Kisha akakata miti akajenga zizi la kuhama kama la babu yake, juu kabisa, penye upepo. Ng'ombe waliobaki wanalala huko, naye analala nao. Lile koti la suti hulivaa anapobeba samadi begani, maana ni zito na linakinga unyevu. Usiniulize kama limechafuka.

Halafu Umutoni akatuma neno, na neno lenyewe ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hajasema hapana. Harusi ya Desemba haipo, rudisha ile nguo ya Mwamini dukani kama wataipokea. Amesema atakuja Kanama mwakani, siku atakayoijua yeye. Hatakuja wakati wa mvua, kwa sababu wakati wa mvua kila kilima kinadanganya. Atakuja kiangazi. Atakuja na yule mtamba mweusi, amemshika kamba mwenyewe, bila babu, bila wajomba. Mtamba akiinamisha kichwa akala, Umutoni anaingia ndani. Asipokula, watashuka wote wawili.

Shema alipolisikia hilo aliruka kwa furaha. Sasa anaimba. Nikipanda kumpelekea chakula namsikia kabla sijamwona, anaimba huku anasogeza miti, huku anachanganya majivu, huku anaziba vijia vya kwato kwa majani makavu. Ameniambia kiangazi kijacho nyasi zitafika magotini. Ananionyesha kwa mkono zitakapofika.

Nisalimie Mwamini, mwambie asichukie, hili si kosa lake. Nisalimie Kadiri na umwambie shangazi yake anamtaka aje kubeba miti. Majirani wa zamani hapo Tabora, wale wanaonikumbuka, wape salamu, wasionikumbuka waache. Libérata wa duka la mkabala anakusalimu, na Hakimu anauliza kama unahitaji ngozi.

Jambo la mwisho, ndugu yangu. Wewe na mimi tulibeba ile miti, tunajua. Baba alihama na zizi nusu ya maisha yake ndipo kilima kikawa kilima. Ng'ombe aliyekonda hana samadi ya maana. Anatoa kile alichokula, na anachokula ni ishinge. Mpaka kiangazi kijacho Shema atakuwa ameponya kipande kisichozidi kile ambacho Bihogo alikimaliza kabla mzee hajaomba kiti. Udongo wa juu umeshakwenda ziwani, na ulioukusanya kwenye saruji umeliwa ukiwa viazi. Mtamba atanusa, atapiga chafya, watashuka. Mimi najua. Mzee Mbarushimana anajua. Nadhani hata Umutoni anajua, na ndiyo maana amechagua kiangazi.

Shema hajui. Sijamwambia, na sitamwambia, kwa sababu si mimi niliyejenga zizi. Wewe ndiye baba yake. Mpigie jioni, wakati ng'ombe wanalala, umwambie mwenyewe. Utamsikia anaimba. Usikate.

Mungu akulinde na kila baya, isipokuwa simu hiyo.

Mimi dada yako, akupendaye bila kukuonea huruma,

Mukamazimpaka